Borou, Lendi na Dume Langu Sekenke

Kinyangiri,
Tarehe 11 Januari, 1970

Kwa mke wangu mdogo Dorika, huko mlimani Marangu,

Pokea salamu, za kwangu kwanza kwa sababu mimi ndiye niliyeshika kalamu, halafu za bibi yako Luciana, halafu za mama yako, halafu za mbuzi wote. Sisi ni wazima. Mvua imekuja vizuri, uwele umefika magotini, mtama unasuasua lakini utanyanyuka. Mama yako kile kidole kilichochomwa na mwiba kimepona. Bibi yako anasema nikuulize kama unakula. Nimemwambia mtu anayelala chuo cha Serikali lazima anakula, lakini amekazana, basi naandika: unakula?

Na koti langu bado unalo? Ni koti la Sekenke lile, nililopewa mgodini na Mzungu mwenyewe kwa kazi nzuri. Livae, huko kuna baridi, lakini usije ukalisahau kwenye msumari wa watu.

Habari kubwa ya hapa ni mimi.

Kijiji chetu cha ujamaa kimeletewa Mzungu wa mifugo, kijana mrefu kama nguzo ya simu, anaitwa Bwana Haroldi. Kiswahili chake ni "jambo" na "maji", basi. Mwezi wa Desemba tulikuwa na mkutano wa ng'ombe wa kijiji, na Mwalimu Samweli, ambaye ndiye hutafsiri, alikuwa amekwenda Kiomboi. Mwenyekiti wetu Kefa akasimama akasema, "Ndugu zangu, leo tutaelewana kwa mikono." Nikasimama na mimi. Nikasema, "Kefa, kaa chini. Mimi nimeshuka shimo la dhahabu Sekenke wakati wewe bado unanyonya. Kizungu nilikimeza pamoja na vumbi." Watu wakapiga makofi. Nikatafsiri mpaka Mzungu mwenyewe akatoka jasho. Tangu siku hiyo hapa naitwa Mkalimani, hata watoto wananiita hivyo, na bibi yako pia, ila yeye akilitamka lazima acheke.

Sasa nina swali dogo, na si langu. Yupo mzee mmoja hapa, simtaji jina maana ni mtu wa heshima, anataka kujua hivi: kuazima kwa Kizungu ni borou au ni lendi? Mimi najua ni borou. Yeye ndiye ana wasiwasi. Nikamwambia kwamba mjukuu wangu anasomea ualimu, na Kiingereza ndiyo kazi yake, atamthibitishia. Jibu upesi. Mzee huyo hapati usingizi.

Bibi yako amesimama nyuma ya mgongo wangu anasema niandike habari za dume. Siandiki. Karatasi imekwisha.

Ni mimi babu yako na mume wako wa kwanza,
Zefania, Mkalimani


Kinyangiri,
Tarehe 15 Februari, 1970

Dorika,

Salamu. Wazima. Mvua inaendelea. Mbuzi mweupe kazaa pacha.

Barua yangu uliipata au basi lilitumbukia mtoni? Yule mzee ananijia kila siku. Ukweli sasa nimeanza kumkwepa. Mwandikie tu neno moja, borou, aende zake.

Babu yako,
Zefania


Chuo cha Ualimu,
Marangu,
24 Februari, 1970

Mume wangu mzee,

Shikamoo, babu. Shikamoo na kwa bibi. Mwambie ninakula, tena hapa ndizi zinapikwa kwa kila namna mpaka mtu anausahau ugali wa uwele, kisha anaukumbuka anataka kulia. Mwambie mama nimefurahi kidole kimepona. Koti lako ninalo. Asubuhi huku kuna ukungu unaoingia mpaka ndani ya soksi, na wenzangu wanaliita koti hilo "nyumba ya Dorika", kwa sababu tukikaa kibarazani tunaingia watatu.

Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na mambo ya masomo.

Swali la yule mzee ni zuri, tena si la kucheka. Babu, sisi neno letu ni moja tu, kuazima. Ukimpa jirani jembe, umemwazima. Ukilichukua jembe kwa jirani, umeazima kwake. Neno ni lile lile, ila vile vipande vidogo ndivyo vinavyotuonyesha jembe limetoka wapi. "Nimekuazima", jembe limetoka kwangu. "Nimeazima kwako", limetoka kwako. Mtoto wa kwetu hajifunzi hayo shuleni, anayanyonya.

Waingereza wao wamelipasua neno vipande viwili. Mwenye mali ana la kwake, ni "lend". Mwenye shida ana la kwake, ni "borrow". Kwa hiyo mtu akiwa na dume lake akataka wenzake walitumie halafu lirudi, anasema "I lend". Akisema "I borrow", amesema dume si lake, yeye ndiye aliyeliomba kwa watu.

Na hata yanavyokaa katika sentensi hayafanani. "Lend" hupenda mtu asimame karibu yake: "lend me", niazime mimi, "lend him", mwazime yeye. "Borrow" haitaki mtu hapo karibu, inataka kile kitu kwanza, halafu "from", yaani kutoka kwa nani. "Borrow me" ni kosa, ingawa darasani wapo wanaoisema. Tena jambo likiwa limeshapita, "borrow" inakuwa "borrowed", lakini "lend" inakuwa "lent", ambalo ndilo hilo hilo jina lao la Kwaresima, tuliyo nayo sasa.

Mweleze hivyo yule mzee. Na babu, kwa nini bibi alitaka uandike habari za dume? Sekenke wako uliyempa jina la mgodi ni mzima?

Mwezi ujao nitafundisha darasa mbele ya mkaguzi. Nikishindwa, narudia mwaka. Mniombee.

Mke wako asiyekutupa,
Dorika


Kinyangiri,
Tarehe 15 Machi, 1970

Kwa Mwalimu Dorika,

Salamu zote zile zile. Hapa uwele umeanza kutoa masuke. Bibi yako kakohoa wiki, sasa kaacha, sasa anasema tu. Tunakuombea kanisani, jina lako limetajwa mbele ya watu, kwa hiyo usituaibishe.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ni barua nzuri yenye makosa.

Umesema borou ni ya mtu anayepokea. Sasa nisikilize mimi niliyekuwepo. Pale Sekenke msimamizi wetu alikuwa Mzungu mwekundu, mkali, hana nyundo, hana taa, hana hata kiberiti. Kila siku alinijia: "Zefania, borou hama." Nyundo ikatoka mkononi mwangu. "Zefania, borou lampu." Taa ikatoka. "Borou machisi." Kiberiti hicho, kimekwenda, na hakikurudi mpaka leo. Kila lilipotajwa borou, kitu kilitoka kwangu kikaenda kwa mwingine. Haya, kama hiyo si kutoa ni nini? Wewe umesoma kwenye kitabu. Mimi nilisoma kwa kupoteza vitu.

Na Kwaresima naijua, tunafunga, hatumwazimi mtu.

Tena nimeona umechelewa kujibu zaidi ya mwezi. Nadhani na wewe ulikuwa hujui.

Lakini yule mzee amepata taabu kidogo, nikueleze. Alitaka kijiji kitumie dume lake kwa majike ya ujamaa mpaka mwisho wa masika, halafu lirudi nyumbani. Akamwambia Mzungu mbele ya watu, "Mi borou dis bulu, vileji." Mzungu akafurahi, akampa mkono, dume likaingia zizi la kijiji. Baada ya mwezi mzee akaona majike yameshahudumiwa, akaenda na kamba yake. Mzungu akatikisa kichwa. "No, no. Yu borou, finishi. Tenki yu." Anamshukuru eti kwa kurudisha mali ya kijiji ikiwa na afya! Watu wamejaa pale wanachota maji. Kefa akauliza, "Mkalimani, Mzungu anasemaje?" Sasa ungesema nini hapo? Nikasema, "Anasema dume linapendeza hapa, na mwenyewe amekubali libaki." Wanawake wakapiga vigelegele. Kefa akanikumbatia, akasema huu ndio ujamaa wenyewe, wengine waige.

Hivyo watu wote wanajua dume limetolewa bure, na Mzungu anajua halikuwa la mtu. Mwisho wa Aprili mvua zikikatika analipeleka kijiji cha huko bondeni, chini ya mteremko wa Sekenke, na dume likishuka kule halipandi tena.

Mwalimu Samweli angeweza kwenda kusema neno moja kwa Mzungu yakaisha. Lakini Samweli akijua, kijiji kizima kimejua. Afadhali dume langu liende.

Dume lake, nimekosea kuandika. Kalamu hii ni mbovu.

Babu yako,
Zefania


Chuo cha Ualimu,
Marangu,
30 Machi, 1970

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Pasaka ilikuwa njema, tuliimba mpaka sauti zikatuishia. Bibi asikae kwenye umande na hicho kifua. Hilo la kuchelewa kwangu silijibu.

Babu, katika hadithi yako wamo watu wawili, mzee mwenye dume na mkalimani. Nimewatazama vizuri. Wanavaa viatu vile vile. Wanalala nyumba moja. Mmoja akiulizwa, mwingine ndiye anajibu. Nami kamba ya Sekenke naijua, nimemchunga tangu akiwa ndama. Simwambii mtu. Ila usikae ukamwona Sekenke anateremka mlima kwa ajili ya neno moja.

Hayo ya msimamizi wako nimeyafikiri sana, hata kitandani. Babu, masikio yako yalisikia sawasawa! Alisema kweli "borrow", na nyundo kweli ilitoka kwako. Lakini nani alikuwa anasema? Yeye. Neno lilikuwa kinywani mwake, si mwako. Alikuwa anasema, "Mimi niazime kwako nyundo." Ni neno la mkono uliokunjuliwa unaosubiri. Wewe hukuwahi kupata nafasi ya kusema lako, kwa sababu nani pale mgodini angemwuliza Zefania anasemaje? Lako lilikuwa "lend", na hukuambiwa. Walichukua nyundo na neno lako pia wakakaa nalo.

Chukua mfano wa koti. Mimi ninalivaa huku. Mimi nasema "I borrowed this coat from my grandfather." Wewe huko Kinyangiri unasema "I lent my coat to Dorika." Koti ni moja, safari ni moja, ila mimi niko mwisho wa njia na wewe uko mwanzo wake.

Sasa jifunze hii, uiseme polepole, mwenyewe, bila Samweli: "I lent you my bull. You borrowed him from me." Mimi nilikuazima dume langu. Wewe uliazima kwangu. Ukikosea katikati, anza tena mwanzo. Wazungu hawajali mtu akianza tena.

Mkaguzi amekuja. Niliwafundisha watoto haya haya ya "borrow" na "lend", na mfano wangu ulikuwa mzee mmoja na dume lake, sikumtaja jina maana ni mtu wa heshima. Watoto wakacheka, wakashika. Mkaguzi akaandika kitu. Majibu bado. Usiku huu nimejifunika koti lako mpaka kichwani.

Mke wako,
Dorika


Kinyangiri,
Tarehe 10 Mei, 1970

Kwa mwalimu wangu, mke wangu, mjukuu wangu Dorika,

Salamu zako zimefika na zangu ndizo hizi. Bibi yako kifua kimepona. Mama yako mzima. Telegramu yako ya kwamba umefaulu ililetwa na mtu wa misheni akiwa juu ya baiskeli, na kabla hajashuka nilikuwa nimeshawaambia watu kumi. Nilijua. Ubongo huo umeutoa kwangu. Bibi yako anasema umeutoa kwake, lakini karatasi ni yangu.

Sasa kaa chini nikueleze.

Barua yako ilinikuta shambani naamia ndege. Mwaka huu kwelea kwelea wamekuja kama moshi, na mtu lazima ashinde juu ya kichanja akipiga kelele tangu asubuhi. Nikaona kelele ni kelele. Badala ya kupiga "Hoo! hoo!" nikawa napiga "Ai lenti yu mai bulu!" Kombeo linakwenda. "Yu borodi him from mi!" Kombeo tena. Jirani akaja mbio akidhani nimepandwa na homa. Bibi yako akiniletea uji alisema, "Ndege wote wa Iramba sasa wanajua Kizungu, imebaki Mzungu tu." Lakini, Dorika, uwele wangu haukuliwa. Wa Kefa umeliwa.

Ikafika siku ya kumteremsha Sekenke. Wamekuja watu wa kule bondeni na kamba mpya, zizi limejaa watu, na Mwalimu Samweli yupo, amevaa tai. Kefa ananyoosha sauti ili ahutubie. Mimi nikapita katikati ya watu mpaka mbele ya Bwana Haroldi. Nikasema, "Ai lenti..." likakatika. Nikaanza tena mwanzo kama ulivyonifundisha. "Ai lenti yu mai bulu. Yu borodi him from mi." Nikashika pembe ya Sekenke nikaongeza la kwangu: "Mai. Mai. Mai."

Mzungu akafungua mdomo. Akamtazama Samweli, Samweli akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Halafu, usishangae, akasema Kiswahili! Kumbe miezi yote hii anajifunza na wachungaji wa ng'ombe. Akasema kwa sauti watu wote wasikie: "Samahani sana mzee! Sikujua! Kumbe mimi nimekuazima dume yako!"

Watu wakaanguka kucheka. Hata wale wa bondeni. Bwana Haroldi hajui wanacheka nini, amesimama na masikio yake mekundu. Mimi sikucheka, Dorika. Mimi najua ilivyo mtu kusimama mbele ya watu na neno limegeuka kinywani. Nikainua mkono wakanyamaza. Nikamwambia, "Hapana, bwana. Hukuniazima. Umeazima kwangu. Hiyo ku uitoe, uweke kwa." Akarudia, "Nimeazima kwako." Nikasema, "Very gudi." Nikampa mkono.

Kefa naye hawezi kukaa kimya. Akasema, "Mkalimani, kumbe siku ile ulitutafsiria nini?"

Nikamjibu, "Siku ile nilitafsiri ya siku ile. Leo natafsiri ya leo." Samweli aligeuka upande akijifanya anakohoa, lakini mtu wa heshima yule, hakunifichua.

Basi nikamfunga Sekenke kamba yangu, nikaanza kumtoa. Watu wakatupisha. Hakuna aliyenizuia, wala aliyesema kitu kibaya. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Kwa sababu nilitazama nyuma nikawaona wale wa bondeni wamesimama na kamba yao mpya mikononi, wametembea tangu alfajiri, na majike yao kule yanangoja. Na zaidi ya hapo, nikakumbuka kwamba nimesema lenti, ya jambo lililopita, lakini lendi yenyewe sijaisema hata mara moja mbele ya watu. Nimeifanyia mazoezi mwezi mzima, naipeleka wapi?

Nikageuka. Nikasema, "Bwana Haroldi. Ai lendi yu mai bulu." Nikainua sauti kwa ajili ya waliokaa nyuma. "Lendi! Mpaka mavuno. Halafu anapanda mlima anarudi kwangu." Bwana Haroldi akasema, "Naazima kwako, mzee," na hakukosea hata silabi. Nikawapa wale wa bondeni kamba yangu pia, maana yao ilikuwa ngumu shingoni.

Kwa hiyo Sekenke aliondoka. Ila safari hii aliondoka kwa Kizungu safi.

Bibi yako hajanisemesha tangu siku hiyo. Anasema nimepigania dume miezi mitano, nimelipata, nimekaa nalo hatua kumi. Nimemweleza habari ya mwanzo wa njia na mwisho wa njia, anasema yeye anaona njia tu, ng'ombe haoni. Ukiandika, mwandikie yeye kwanza. Mwambie mavuno si mbali.

Nimebakiwa na nafasi ndogo hapa chini, na neno moja. Umeandika kwamba koti langu nimekuazima, lendi, na wewe umeazima kwangu, borou. Sentensi ni nzuri, hata mkaguzi angeipenda. Lakini ina makosa. Mwalimu aliyefaulu haendi mbele ya watoto kwa vazi la kuomba. Tafuta huko kwenye vitabu vyenu neno la kitu ambacho mwenyewe hataki kirudi, uniandikie, nilifanyie mazoezi. Kwelea kwelea bado wapo.

Babu yako,
Zefania